Mashine ya kukohoa ya mdogo wangu, baada ya miezi 14

Nyota 4 kati ya 5.

Mimi ni fundi friji hapa Tanga. Nafungua kompresa, najaza gesi, nanyonya hewa kwenye mabomba, na kwa siku moja naangalia geji hata mara hamsini. Nalisema hili mapema mtu asije akadhani anayeongea ni daktari. Mashine hii niliijua kama fundi kwanza, nikaijua kama kaka baadaye, na nadhani wewe unayeitafuta mtandaoni saa nane za usiku, mgonjwa anakoroma kifuani pembeni yako, utataka kusikia ya pande zote mbili.

Ni CoughAssist E70 ya Philips Respironics. Tuliinunua imetumika. Kazi yake ni moja tu: kumkoholea mtu asiyeweza kukohoa.

Mdogo wangu alianguka mnazi huko Pangani, Novemba ya mwaka juzi. Shingo. Kwenye karatasi wakaandika C5. Kwa lugha ya nyumbani maana yake mabega anapandisha, mkono anaukunja kiwikoni lakini kuunyoosha hawezi, vidole havishiki, na kuanzia kifuani kushuka chini hakuna taarifa. Kupumua anapumua mwenyewe, kwa sababu ule msuli mkubwa ulioko chini ya mapafu unapata waya zake juu zaidi shingoni, na zilibaki za kutosha. Ila kukohoa ni kazi ya tumbo na mbavu. Weka kiganja tumboni sasa hivi ukohoe. Ule mshtuko uliousikia ndio yeye hana.

Sikujua kama hilo ni tatizo. Nilidhani tatizo ni miguu. Vidonda vya kulalia tulikuwa tumeonywa, mkojo tulikuwa tumefundishwa, kukohoa hakuna aliyetuketisha chini akatuambia. Ikaja mafua ya kawaida kabisa, Mei, katikati ya masika, yale ambayo mimi na mama tulipiga chafya siku tatu yakaisha. Kwake yalishuka kifuani yakakaa. Mama, ambaye makohozi anayaita balghamu kama watu wa zamani, alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, mimi nikamgonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Nikawa nasikia kabisa kwamba kitu kimebanduka mle ndani, kinatembea, kinafika karibu na koo, halafu kinarudi. Bomba lililoziba ukiligonga uchafu unaachia, lakini pasipo presha ya kuusukuma unabaki mle mle. Siku ya tano midomo ilibadilika rangi.

Siku 11 wodini. Huko walimnyonya makohozi kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi chini. Wanasema saksheni. Uliokoa maisha yake, sina la kusema, lakini yeye anakwambia heri aanguke mnazi tena. Na kuna jambo nililielewa haraka kwa sababu mabomba ndiyo chakula changu: njia ya hewa inagawanyika mbili, na ile ya kulia imenyooka zaidi kuliko ya kushoto, kwa hiyo mpira mara nyingi unateleza kulia. Pafu la kushoto linabaki na mzigo wake.

Aliyetuokoa kwa maana ya kudumu ni dada mmoja wa fiziotherapia. Alichukua kile kipimo cha plastiki wanachopuliza wenye pumu, akakiunganisha na barakoa, akamwambia mdogo wangu kohoa kwa nguvu zako zote. Mshale ukasimama 140. Akatueleza kwamba mtu mzima mwenye afya anapita 360, yaani lita 360 kwa dakika; chini ya 270 mafua yanaweza kukulaza; chini ya 160 makohozi hayatoki hata ufanyeje. Kisha akachukua begi la ambu, lile la kumpulizia mgonjwa hewa, akamjazia pumzi juu ya pumzi mara tatu bila kumruhusu atoe, na mimi nikaambiwa niweke viganja chini ya mbavu, nisukume ndani na juu pale pale anapofungua koo. Mshale ukafika 250.

Basi kwa wiki kadhaa tulikohoa hivyo, watu wawili kwa mmoja. Nakueleza kabla sijafika kwenye mashine kwa sababu ambu ni bei ya kawaida, na mikono unayo tayari. Aliyekosa pesa asikae akisubiri mashine. Lakini mikono inachoka. Mama ana miaka 63 na viganja vyake havipendi baridi, mimi huwa niko Korogwe au Muheza kwenye friji za watu, na makohozi hayaangalii ratiba ya mtu.

Mashine mpya ni maelfu ya dola. Tulichanga ukoo mzima, shangazi akauza cherehani ya akiba, binamu yangu aliyeko Hamburg akapata iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Mpaka imefika mezani kwetu imekula shilingi milioni 2.6. Binamu aliibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi, kilo nne hivi, ukubwa wa redio kaseti za zamani. Muuzaji alisema imekamilika. Haikukamilika. Hakukuwa na betri yake, mpira ulikuwa na ufa, na barakoa ilikuwa ya mtoto. Nilimwandikia, hajajibu mpaka leo. Ukinunua mkononi mwa mtu, dai picha ya kila kipande kikiwa juu ya meza moja, na uipige hesabu ya mpira, barakoa na chujio mpya tangu mwanzo.

Sasa ufundi. Kipimo chake cha presha ni sentimita za maji. Dada wa fizio aliposema "tutafika jumlisha 40, toa 40", yaani kusukuma kwa 40 na kuvuta kwa 40, nikacheka kimoyomoyo, kwa sababu geji yangu ya gesi haijui kitu kidogo hivyo. Sentimita 40 za maji hazifiki hata psi 0.6. Tairi ya baiskeli ingeiona kama mzaha. Lakini chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji, zamisha mkono mpaka chini kabisa: uzito unaobana vidole vyako pale ni karibu na huo. Sasa fikiria uzito huo unaingia kifuani kwa mtu, halafu kufumba na kufumbua unageuka kuwa mvuto wa kiasi kile kile. Huko kugeuka ndiko kikohozi. Ndani kuna feni moja inayozunguka kwa kasi na mlango unaobadili njia ya hewa: unasukuma sekunde mbili au tatu, unageuka ghafla, unavuta sekunde mbili au tatu, unapumzika. Hewa inayotoka kwa kasi ndiyo inayobeba makohozi mpaka mdomoni, kulia na kushoto, bila kuingiza mpira wowote kooni.

Nisingeweza kumfunga mdogo wangu mashine iliyotumika bila kuipima. Nilichukua ule mpira mweupe wanaoutumia waashi kupigia levo, nikaukunja kama herufi U ubaoni, nikajaza chai ya rangi ili nione vizuri, nikapigilia rula katikati. Upande mmoja nikauunganisha na mashine. Kwenye 20 chai ilipanda kwa adabu. Kwenye 30 vile vile. Nikaiweka 60 kwa ushamba wa fundi anayetaka kujua mwisho wake, na mpira wangu ulikuwa mfupi. Chai ikaruka mpaka kwenye pazia la mama. Ingekuwa ni zamu ya kuvuta, ingeingia ndani ya mashine na milioni 2.6 ingeishia kwenye chai. Nikanunua mpira mrefu zaidi. Mashine ikasema 40, rula ikasema 39. Ikavuta, rula ikasema 40 kamili. Kwa kitu kilichokaa kwa mtu mwingine miaka, niliridhika. Baadaye nilimwonyesha dada wa fizio picha, akaniambia ni vizuri, ila next time nisipime na mashine iliyovaa chujio la mgonjwa. Sawa.

Mara ya kwanza hatukuanza na 40. Dada wa fizio alianza na 15, akiwa yeye mwenyewe chumbani, mimi nimeshika barakoa. Mdogo wangu alitoa macho kama mtu aliyetoa kichwa dirishani mwa basi la Arusha. Akabana koo, hewa ikashindwa kuingia, mashavu yakatuna. "Usishindane nayo," akaambiwa, "iache ikupumulie." Mara ya nne akaiachia. Siku ya tatu tulikuwa 25, wiki ya pili 35, na tangu hapo tumekaa 40 kwa 40. Kipimo cha kwake ni cha kwake. Mgonjwa wako anaweza kuhitaji kingine, na anayekipanga ni mtaalamu aliyesikiliza kifua, siyo mimi.

Kipindi chetu kiko hivi. Tunamkalisha, kichwa kimeegemea. Vikohozi vitano, barakoa inatolewa, anapumzika, namfuta mdomo. Tunarudia mara nne mpaka sita, au mpaka makohozi yakome kutoka. Asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Kamwe siyo baada ya kula, kwa kuwa hewa nyingine inapotea njia na kuingia tumboni, na tulijifunza hilo siku ya ugali na dagaa, nitaishia hapo. Mwezi wa Ramadhani tulikipeleka kipindi cha usiku baada ya tarawehe. Wakati mashine inavuta, bado nasukuma tumbo kwa kiganja kama nilivyofundishwa. Vikienda pamoja kikohozi kinakuwa cha mtu mwenye afya, mpaka watoto wa jirani wanamwigiza nje ya dirisha: fyuuuu, khaa!

Ina kitu kinaitwa Cough-Trak, kinasubiri mgonjwa aanze kuvuta pumzi ndipo isukume. Hiki nakipenda kuliko vyote. Kabla ya kukiwasha mashine ilikuwa na saa yake na mdogo wangu ana yake, wanagongana mlangoni. Ina pia mtetemo, hewa inatingishika inapoingia na kutoka. Yeye anasema inamwasha kifua, tumeuzima.

Akiwa ndani ya barakoa hawezi kusema, kwa hiyo tulikubaliana ishara. Kiwiko kinakunja, basi akikunja mkono nasimamisha papo hapo, hata kama kilikuwa kikohozi cha kwanza. Mama alivunja mkataba mara moja akidhani anajinyoosha, wakanuniana mpaka jioni.

Sasa ndevu. Hakuna mahali nilipoona limeandikwa, kwa hiyo liandikwe hapa. Barakoa ikivuja pembeni, ile 40 unayoiona kwenye skrini haifiki kifuani, na ndevu zinavujisha kuliko kitu chochote. Mdogo wangu alikuwa na masharubu aliyoyalea tangu shule. Alikataa kunyoa wiki mbili nzima. Nilibana barakoa mpaka pua ikapata alama, hewa ikawa inatoka pembeni inapiga mluzi, makohozi yako pale pale. Mwisho akaniambia, "Kaka, leta wembe, lakini usimwite mtu aje aangalie." Kipindi cha jioni ile ndicho cha kwanza tulichokiona cha maana. Ukishika, vidole gumba viwili juu ya barakoa na vingine vinavuta taya kuja juu. Usiikandamize barakoa chini peke yake kama unafunika sufuria.

Usiku ninaoukumbuka ni wa Januari. Nilirudi kutoka Muheza saa nne, nikamkuta mama ameshamkalisha. Kifua kilikuwa kinaunguruma tangu saa kumi na mbili na oksimita ya kidoleni, ile inayopima oksijeni ya damu, inaonyesha 88. Mafua tena. Mwaka mmoja nyuma ningekuwa natafuta bajaji. Tulipiga raundi ya kwanza, hakuna. Ya pili, mate matupu. Ya tatu, kwenye kikohozi cha nne, nikasikia sauti imebadilika ndani ya mpira, nzito, kama maji yanayofika mwisho wa bomba la kuzama. Nikatoa barakoa. Kilikuwa kipande kigumu cha rangi ya njano, kimechukua umbo la bomba kilimotoka, kina matawi mawili kama mzizi wa tangawizi. Nilikivuta mdomoni kwa kitambaa na kikawa bado kinakuja. Mdogo wangu akavuta pumzi moja ndefu, akafumba macho. Oksimita ikaanza kupanda: 91, 93, 95. Mama akaenda kukitupa kwanza, akarudi akisema tungemwekea dada wa fizio akione. Usiku huo tulirudia kila baada ya saa mbili mpaka alfajiri, na asubuhi nilimpeleka kusikilizwa kifua, nikapewa dawa, tukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tangu tumepata mashine hajalazwa kwa ajili ya kifua.

Umeme ulikatika katikati ya raundi mara mbili. Kwa kuwa betri yake haikuja, nimeiwekea inveta ya wimbi safi na betri ya gari, N70, ambayo inavumilia vipindi vya usiku kucha. Inveta za bei rahisi sizishauri. Nimeshaona zinavyoua bodi za friji. Na hata ukiwa na betri tatu, ambu ining'inie msumarini juu ya kitanda.

Wazo la mashine hii ni la zamani kuliko nilivyodhani. Enzi za polio Marekani, miaka ya 1950, walikuwa na moja iitwayo Cof-flator. Ikasahaulika watu walipozoea kutoboa koo na kunyonya kwa mpira, mpaka kampuni ya J.H. Emerson, ya yule Emerson aliyekuwa akitengeneza mapafu ya chuma, zile mashine kubwa za kumpumulia mgonjwa, tangu 1931, ilipoirudisha sokoni mwaka 1993. Kwa hiyo yale mateso ya mpira puani yalikuwa na mbadala miaka yote hiyo, na inaniuma kidogo nikifikiria.

Nyota moja nimeipunguza, na haina uhusiano na mashine ikiwa kazini. Ni kila kitu kinachoizunguka. Chujio, mpira na barakoa ni vya kubadilisha, na hapa kwetu sivipati. Nasubiri mtu anayesafiri. Chujio likilowa hewa inabanwa, na nisingekuwa na rula yangu ya chai nisingegundua kwamba 40 ilikuwa imegeuka 31. Wa kuifungua na kuipima rasmi karibu yetu simjui. Na kelele zake si za chumba cha mtoto anayelala, ni kama blenda iliyofungiwa kabatini.

Halafu isiletwe kwa kila mwenye makohozi. Mwenye pumu anayekohoa mwenyewe haimhusu. Mwenye mapafu yaliyotuna na kufanya mapovu, au aliyewahi kuvujiwa hewa ikajaa nje ya pafu, inaweza kumuumiza vibaya. Akilalamika maumivu ya kifua ya ghafla, au ukiona damu, simamisha umpeleke hospitali. Piga picha ya kifua kwanza, tafuta mtu wa fizio kabla ya kutafuta muuzaji. Sisi tulimlipa dada yule siku nne za mafunzo, na ukiniuliza katika fedha zote zilizotoka ni ipi ilikuwa halali zaidi, nitakwambia hiyo.

Kwa wenye magonjwa ya misuli, wale vijana ambao nguvu zinapungua mwaka hadi mwaka, naambiwa inatumika sana kuliko hata kwa waliovunjika shingo kama wetu. Kama uko na mgonjwa wa namna hiyo na umewahi kuitumia, andika hapo chini mnaweka ngapi na mnapata wapi barakoa za watu wazima. Saizi yetu ni ya kati.

Mdogo wangu amenisikiliza nikimsomea yote haya kabla sijaituma. Anasema rangi ya kile kipande haikuwa njano, ilikuwa kijani, na kwamba niongeze kuwa masharubu yalikuwa yanampendeza.